Kabla ya Marumaru, Hesabuni Ndoo

Fedha ya alizeti ikishaingia mfukoni katikati ya mwaka, na kiangazi kikiwa kimeshika, familia nyingi za mkoa wa Singida hugeukia nyumba. Bati lililotoboka hubadilishwa, lipu iliyobanduka hupigwa upya, na siku hizi orodha hiyo imeongezewa jambo jingine: bafu na choo. Mwenye choo cha shimo uani anataka kukiingiza ndani, mwenye cha kuchuchumaa anataka cha kukaa, na mwenye sakafu ya saruji anataka marumaru mpaka ukutani. Ni matamanio halali wala hayana haja ya kubezwa; staha na usafi si anasa. Tatizo ni kwamba mpango wenyewe mara nyingi huanzia dukani, mbele ya masinki yaliyopangwa kwa rangi, na huanzwa na mtu mmoja, yule mwenye fedha. Makala haya yanashikilia kwamba kosa huanzia hapo. Bafu lina gharama mbili. Ya kwanza ni ya kulijenga, nayo hulipwa mara moja kwa shilingi. Ya pili ni ya kulitumia, nayo hulipwa kila siku kwa maji, kwa brashi na kwa mgongo. Katika nyumba nyingi gharama hizo hulipwa na watu wawili tofauti. Mume na mke wasipokaa chini wakazipigia hesabu zote mbili pamoja, mmoja ataagiza na mwingine atalipia.

Nani hulipa gharama ya pili? Taarifa ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba watu bilioni 1.8 duniani wanaishi katika kaya zisizo na maji nyumbani, na kwamba katika kaya saba kati ya kila kumi za namna hiyo wachotaji wakuu ni wanawake na wasichana wa miaka 15 na zaidi. Mtu wa Singida hahitaji kusimuliwa habari hiyo. Mkoa uko katika ukanda wa kati ulio nusu jangwa; mvua zake ni za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha hufuata miezi mikavu mfululizo. Mjini yako maziwa mawili, Singida na Kindai, lakini maji yake ni ya chumvi, kwa hiyo tegemeo ni visima virefu. Mamlaka ya maji ya mjini, SUWASA, na wakala wa maji vijijini, RUWASA, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2019, wameendelea kusogeza huduma karibu na watu, lakini watu nao wanaongezeka: sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 1,370,637 mkoani, na ya 2022 ikahesabu 2,008,058. Maji ya Singida, basi, yana mwenyewe anayeyasubiri kabla choo hakijayadai. Kila lita inayopelekwa chooni ni lita ambayo mtu ameitafuta, ameilipia au ameibeba.

Hesabu ya ndoo

Chukueni kaya ya watu sita, na tuseme kila mmoja huingia chooni mara nne kwa siku akiwa nyumbani. Choo cha kukaa chenye tanki dogo la lita tisa nyuma yake kitakunywa lita 216 kwa siku. Hizo ni ndoo kumi na moja kasoro kidogo, kila ndoo ikiwa na lita 20 na uzito wa kilo 20. Choo cha kumwagia kwa kopo, ambacho kinaridhika na lita mbili kila mara, kitatumia lita 48, yaani ndoo mbili na nusu hivi. Tofauti yake ni ndoo nane na zaidi kila siku, mwaka mzima, na kuoga bado hatujakugusa. Bomba la mvua la kawaida linalotoa lita nane kwa dakika humaliza lita 40 kwa mtu anayeoga dakika tano, ilhali anayeoga kwa ndoo na kopo hutosheka na lita 15. Kwa watu sita wanaooga mara moja kwa siku, ni lita 240 dhidi ya 90. Tarakimu hizi zinaweza kusogea juu au chini kulingana na ukubwa wa familia na vifaa vilivyonunuliwa, lakini mwelekeo wake haubadiliki. Uamuzi wa dakika kumi dukani unaweza kuongeza zaidi ya mara mbili maji yanayohitajika katika nyumba nzima. Ukimwuliza mwenye fedha bei ya sinki atakutajia papo hapo. Idadi ya ndoo anaijua mwenye ndoo, na ndiyo maana mkutano wa kwanza wa mpango huu hauwezi kufanyika bila yeye.

Wengine watasema dawa ya hesabu hiyo ni paa na simtanki. Dawa ni nzuri, ila nayo ina kipimo chake. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja. Nyumba yenye paa la mita nane kwa kumi na mbili ina mita za mraba 96. Mwaka wa mvua ya milimita 600, tukitoa sehemu ya tano inayopotea kwa kurukia nje ya gata na kukauka juu ya bati, utaleta lita 46,000 hivi. Lakini mvua hiyo huja ndani ya miezi michache, na kinachobaki baada ya hapo ni kile tu kilichohifadhiwa. Tanki la lita 5,000 lililojaa mwishoni mwa Aprili litalisha choo cha kumwagia kwa siku 104, mpaka katikati ya Agosti. Likiachiwa kile chenye tanki la lita tisa litakauka baada ya siku 23, mwezi wa Mei haujaisha. Kisha liko jambo zito zaidi. Visima vya baadhi ya maeneo ya Singida, kama vya Arusha, Manyara na Shinyanga, vina madini ya floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Floraidi ikizidi huacha meno ya watoto na madoa ya kahawia, na ikikithiri kwa miaka hudhuru mifupa. Kuchemsha maji hakuiondoi. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Familia yenye kisima cha namna hiyo ikivuta choo kwa maji ya mvua inamwaga shimoni maji bora kuliko yote iliyo nayo na kubakiza jikoni yale mabaya.

Kanuni inayotokana na hayo ni nyepesi kuieleza: choo kipewe maji machache zaidi na maji duni zaidi ya nyumba. Ikifuatwa, uchaguzi wa vifaa hubadilika. Choo cha kumwagia hakichagui maji. Yale yaliyofulia au kuoshea vyombo yanakitosha. Choo chenye tanki hakivumilii hivyo, maana mafuta na povu la sabuni huganda kwenye vali yake, na maji ya chumvi huiachia ukoko mweupe mpaka ianze kuvuja usiku kucha. Anayetaka kukaa kwa sababu ya magoti au umri anaweza kufungiwa sinki la kukaa linalomwagiwa kwa ndoo, na bomba la tanki likaachwa tayari ukutani kwa siku ambayo maji yatakuwa ya uhakika. Zipo pia sahani za plastiki za kuchuchumaa zenye kifuniko kinachojifungua kwa uzito na kujifunga chenyewe, kama zile za SATO zinazouzwa nchini; hizo hutumia maji kidogo sana na huzuia nzi na harufu. Na kwa asiye na maji kabisa, choo cha shimo chenye bomba la hewa bado ni choo bora. Kilibuniwa miaka ya 1970 katika Maabara ya Blair, Zimbabwe, na ufundi wake ni wa akili: upepo ukipita juu ya bomba huvuta hewa chafu kutoka shimoni, na nzi wakifuata mwanga wa juu wananaswa na wavu. Mkoa ambao upepo wake umefikiriwa kwa miaka mingi kuzalisha umeme hauwezi kukosa wa kuvuta harufu ya choo, mradi bomba lipande nusu mita au zaidi juu ya paa.

Yaliyo chini ya ardhi

Maji yakishaingia lazima yatoke, na hapa Singida ina sharti lake. Mawe makubwa ya matale yanayoupamba mji hayaishii juu ya ardhi. Katika viwanja vingi mchimba shimo hukutana na mwamba kabla hajafika kina alichoahidi, na kuanzia hapo bei ya kazi haijulikani tena. Kwa sababu hiyo busara inataka shimo lichimbwe kwanza, kabla ya kununua hata kigae kimoja. Mkishajua ardhi inaruhusu kina gani, ndipo mtajua choo gani kinafaa na fedha gani inabaki. Shimo likiwa fupi, yanaweza kujengwa mawili mafupi yanayopokezana: moja linatumika, jingine limefungwa linapumzika mwaka mmoja hadi miwili mpaka kilichomo kigeuke udongo unaotolewa bila kero. Mashimo yakae angalau mita 30 kutoka kisima chochote, cha kwenu au cha jirani, na mahali ambapo gari la kunyonya majitaka linaweza kufika bila kuvunja ukuta. Bomba la inchi nne linalotoka chooni lipewe mteremko wa sentimita mbili na nusu kwa kila mita, na kila linapopinda iwekwe chemba yenye mfuniko unaofunguka. Maji ya kuoga yasipelekwe shimoni pamoja na kinyesi bila sababu. Yakielekezwa kwenye migomba au mipapai, shimo litachelewa kujaa na uani kutapata kivuli. Hakuna mgeni atakayeyasifu mambo haya, kwa kuwa hayaonekani, na kwa sababu hiyo hiyo huwa ya kwanza kupunguziwa fedha pale bajeti inapopangwa na mtu mmoja anayefikiria macho ya wageni.

Ndani ya chumba chenyewe, mwenye kutumia muda mwingi humo ndiye mwenye taarifa nyingi. Aogeshaye watoto anajua kwamba bomba moja la chini, usawa wa ndoo, linamfaa kuliko bomba la mvua lililo juu. Anayedeki anajua kwamba vigae vinavyong'aa huteleza vikiloa, na kwamba mistari myeupe ya grauti sakafuni hugeuka ya kahawia baada ya muda mfupi kwa maji ya kisima. Sakafu inayoinamia tundu la maji kwa sentimita moja au mbili kila mita humwondolea kazi ya kusukuma maji kwa ufagio kila mtu anapotoka. Mlango unaofungukia nje humwokoa mzee akianguka ndani, maana akiuegemea unaofungukia ndani hautasukumika. Dirisha la juu linalopitisha upepo hukausha chumba bila gharama. Wanawake na mabinti wa nyumba wanahitaji mahali pa faragha pa kufulia vitambaa na chombo chenye mfuniko, jambo ambalo baba mwenye aibu hatalitaja na fundi hatauliza. Familia ya Kiislamu itapenda bomba la kutawadhia karibu, na sinki lisiloelekea wala kupa mgongo kibla. Kwa aliye Singida kibla kiko kaskazini kikiinamia mashariki kidogo, kwa hiyo sinki likikaa kutazama mashariki au magharibi suala limekwisha. Gharama yake ni sifuri likisemwa mapema, na ni kubomoa zege likisemwa baadaye.

Liko pia suala la wakwe. Katika familia nyingi za mkoa huu baba mkwe na mke wa mwanawe hawapaswi kukutana mlangoni mwa bafu, na bafu lililo katikati ya nyumba, linalofunguliwa sebuleni, huwaweka wote wawili katika mashaka kila wageni wa ukoo wanapokuja. Nyumba za zamani zilikuwa zimelitatua jambo hilo kwa kuweka bafu na choo uani. Choo kinapoingizwa ndani, utatuzi huo huvunjika pasipo mtu kukusudia. Jibu linaweza kuwa kukarabati choo cha uani badala ya kukibomoa, kikabaki cha wageni na wazee, huku cha ndani kikiwa kidogo na cha wenye nyumba. Linaweza kuwa kuweka mlango wa bafu upande wa korido ya nyuma. Kila ukoo unajua mipaka yake, na mara nyingi mke ndiye aliyekaa na mipaka hiyo kwa karibu zaidi, kwa kuwa ndiye aliyekuja kuwa mkwe katika nyumba ya watu. Ramani iliyochorwa bila kumwuliza itaonekana safi kwenye karatasi na kuwa mzigo sikukuu ya kwanza.

Hoja za upande wa pili

Sasa tuyajibu mapingamizi, maana yapo na mengine yana uzito. La kwanza ni lile lisemalo kwamba mwenye fedha ndiye mwenye kauli: nyumba ni ya baba, hati ina jina lake, yeye ndiye anayelipa fundi. Sheria za nchi hazikubaliani na hoja hiyo kwa urahisi hivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inahesabu miongoni mwa mali za kugawanywa ndoa ikivunjika hata ile aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa, iwapo iliboreshwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa juhudi za wote wawili. Kifungu cha 59 kinamzuia mwenye jina kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 161, inasema kwamba mwenzi anayechangia kwa nguvu zake katika uzalishaji, utunzaji na uboreshaji wa ardhi iliyo kwa jina la mmoja hupata maslahi katika ardhi hiyo. Na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango unaohesabika, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgawo kwa sababu nyingine za shauri lile. Anayejenga bafu hana haja ya kufikiria talaka. Kinachotuhusu hapa ni mantiki ya sheria hizo: zinatambua kwamba shilingi na jasho ni mitaji ya aina mbili katika nyumba moja. Mwenye mtaji ana haki ya kuulizwa kabla mradi haujaanza.

Hoja hiyo haimlindi mwanamke peke yake. Yapo majumba ambamo mke ndiye mwenye mshahara au duka, na mume ndiye anayeendesha mkokoteni wa madumu au kufunga punda kwenda kisimani. Hapo mwenye fedha ni yeye, na mwenye ndoo ni mume. Kanuni inabaki ile ile. Hata mahali ambapo wote wawili wana kipato na maji yananunuliwa kwa boza, bado yupo anayempigia simu mwenye boza na kungoja, na bado yupo anayesugua.

Pingamizi la pili ni kwamba kazi hii ni ya fundi. Mume na mke wanajua nini kuhusu mabomba? Ni kweli fundi anajua mabomba, na anayepata fundi aliyepitia mafunzo, kama yale yanayotolewa na chuo cha VETA Singida, ana bahati. Lakini fundi hajui mnapata maji siku ngapi kwa wiki, nani ana magoti mabaya, wala mkwe hulala chumba kipi. Hayo akiyakosa ataweka alichokizoea kwenye kazi iliyopita. Kazi ya wenzi ni kumkabidhi karatasi moja yenye majibu, kisha kumsimamia kwa maandishi: nini kitafanyika, kwa vifaa vya ubora gani, kwa awamu zipi za malipo. Vifaa vinunuliwe vyenye alama ya TBS, na stakabadhi zikae mahali ambapo wote wawili wanaweza kuzifikia. Sehemu ya mwisho ya malipo isitolewe mpaka sakafu ijaribiwe: tundu lizibwe, maji yamwagwe, yaachwe usiku mzima, na asubuhi muangalie kama kiwango kimeshuka au ukuta wa chumba cha pili umeloa. Hita ya umeme ya kuogea, inayopendwa sana kwenye baridi ya Juni na Julai katika mji ulio karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, isiwashwe kabla fundi umeme hajahakikisha waya wa ardhi upo na unafanya kazi. Na simtanki la lita 2,000 lisipandishwe juu ya mnara wa mbao dhaifu. Likijaa lina uzito wa tani mbili.

Pingamizi la tatu lina uzito zaidi: majadiliano huchelewesha, bei ya saruji haingoji, na mume na mke wakianza kushauriana kila kitu wataishia kugombana. Kuna ukweli kwamba fedha ya mavuno isipofanyiwa kazi upesi huyeyuka kwa ada, matanga na mikopo ya ndugu. Lakini ucheleweshaji unaotisha hutokea baada ya ujenzi kuanza. Kubomoa kigae kilichokwisha kukauka na kuhamisha bomba lililofukiwa hula siku nyingi kuliko jioni tatu za kukaa mezani. Historia ya Tanzania yenyewe inatoa ushahidi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wanaokadiriwa kuwa milioni mbili kwa njia ya redio, na mbinu yake haikuwa kutangaza amri tu. Watu walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakajadili hali ya mahali pao, kisha wakakubaliana la kufanya; vyoo vingi vilichimbwa kutokana na makubaliano hayo. Kampeni zilizofuata, ikiwemo ya kitaifa ya usafi wa mazingira iliyoanza 2012 na baadaye kujulikana kwa kaulimbiu ya Nyumba ni Choo, nazo zilitegemea kwamba kaya yenyewe itaamua na kuchukua hatua. Ikiwa majirani wasiokula chungu kimoja waliweza kujadili choo wakaafikiana, watu wawili wanaolala chumba kimoja hawashindwi. Ugomvi unaoogopwa mara nyingi husababishwa na kukosa namba. Wakiwa na hesabu ya ndoo mezani, hubishana na hesabu, na hesabu haikasiriki.

Pingamizi la mwisho huja kutoka mjini: sisi tuna bomba la SUWASA ndani ya uzio, mambo ya ndoo hayatuhusu. Yanawahusu kwa sura nyingine, ile ya bili. Uniti moja ya maji ni lita 1,000. Ile kaya yetu ya watu sita, kwa choo cha tanki la lita tisa, itavuta uniti sita na nusu hivi kwa mwezi kwa choo peke yake. Kwa cha kumwagia, uniti moja na nusu. Anayemudu tofauti hiyo ana haki kamili ya kustarehe, na anaweza kuipunguza kwa kununua tanki la vitufe viwili, kimoja cha maji machache na kingine cha mengi. Hata hivyo mtandao wa bomba hukatika kwa matengenezo, pampu za visima hutegemea umeme, na bafu hujengwa ili lidumu miaka mingi. Choo kinachoweza kutumika kwa tanki siku za maji na kwa ndoo siku za mgao hakikupunguzii hadhi. Kile kisichoweza hugeuka kero siku ya pili ya mgao, na atakayehangaika nacho siku hiyo huenda siye aliyekichagua.

Baada ya yote hayo, kinachotakiwa kabla ya fedha kutoka mfukoni si ramani ya mhandisi. Ni karatasi yenye maswali matatu, na kila mmoja ayajibu bila kumtazama mwenzake: maji ya bafu hili yatatoka wapi mwezi wa Oktoba, visima vikiwa vimeshuka na simtanki limekauka? Yatakwenda wapi mwezi wa Machi, ardhi ikiwa imeshiba mvua na shimo linapanda? Na nani atasugua, kwa mkono wake, siku ya Jumanne ya kawaida isiyo na mgeni? Majibu yakifanana, nendeni dukani pamoja mkachague rangi mnayoipenda, na fedha ikitosha marumaru yafike mpaka darini. Yakitofautiana, tofauti hiyo ndiyo bajeti ambayo hamjaipanga, na ni nafuu kuigundua kwenye karatasi kuliko kwenye zege.